Tusinywe Maji kwa Hesabu Tupu

Mwezi wa Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa ilinyesha kwa muda wa siku tano mfululizo. Wapimaji walihesabu milimita 134. Hata kabla ya wiki mbili kwisha, watu wa mji ule walianza kuharisha damu. Walkerton ulikuwa na wakazi wapatao 4,800. Walioshikwa na maradhi walizidi 2,300, na saba kati yao walikufa. Watu hao hawakunywa maji ya dimbwi wala ya mto. Walikunywa maji ya bomba, majumbani mwao, katika nchi yenye fedha, madaktari, maabara na wahandisi wa kutosha.

Pengine msomaji atauliza yatuhusu nini sisi mambo ya Kanada. Twamwomba avumilie kidogo, kwa maana chini ya Walkerton kuna mawe ya chokaa, na chini ya sehemu kubwa ya pwani yetu, Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja na Kilwa, kuna mawe ya chokaa pia. Mawe hayo hayakuzaliwa zama moja wala kwa namna moja, lakini tabia yao mbele ya maji ni moja.

Serikali ya jimbo la Ontario iliunda Tume chini ya Jaji Dennis O'Connor, nayo ikatoa taarifa zake mwaka 2002. Tume iliona kwamba samadi ya ng'ombe iliyotiwa katika shamba karibu na kisima kilichoitwa Namba 5 ilisukumwa na mvua mpaka ndani ya kisima. Mwenye shamba hakuonekana na hatia. Alifuata kanuni za kilimo chema. Walioonekana na makosa ni wasimamizi wa maji, ambao hawakutia klorini ya kutosha na waliandika vitabuni vipimo ambavyo hawakuvipima. Serikali ya jimbo nayo haikusalimika: ilikuwa imepunguza fedha, ikaacha upimaji wa maji mikononi mwa maabara za watu binafsi, wala isiziamuru maabara hizo ziwajulishe wakuu wa afya zinapoona maji yameharibika. Hayo ni makosa ya watu, na yamekwisha kusemwa sana. Sisi leo twapenda kusema juu ya jiwe, na juu ya mashine ya kuhesabu iliyotumwa kulichungulia jiwe hilo.

Kisima Namba 5 kilichimbwa mwaka 1978. Kina chake kilikuwa mita 15 tu, na bomba la chuma la kuzuia maji ya juu lilishuka mita 5 tu. Mtaalamu aliyekisimamia siku hizo alishauri mji uitwae ardhi ya jirani ili kisima kipate kulindwa. Ardhi haikutwaliwa.

Baada ya msiba, uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi ulifanywa, na kompyuta ikatumika. Ilitakiwa ijibu swali moja jepesi kulitamka: maji yaliyo umbali gani kutoka kila kisima yataweza kukifikia kwa muda wa siku 30? Kwa kisima kimoja jibu lilikuwa mita 290, kwa cha pili mita 200, na kwa cha tatu, kile kiitwacho Namba 7, mita 150. Ramani ilichorwa, nzuri ya kutazamwa. Mtu aliyeitazama aliweza kusema kwamba uchafu uliomwagwa mita 350 mbali utachukua miezi kufika, na ya kuwa vijidudu vingi vitakuwa vimekufa njiani.

Mwaka 2001 mtaalamu Steve Worthington na wenzake walifanya jambo la kizamani kabisa. Walitia rangi katika visima vidogo vya uchunguzi, wakakaa kungoja. Rangi iliyotiwa mita 350 hivi kutoka kisima Namba 7 ilitokea kisimani baada ya siku moja na saa chache. Ile iliyotiwa karibu zaidi ilifika kwa saa chache tu. Msomaji na ajifanyie hesabu mwenyewe. Kompyuta ilisema mita 150 kwa siku 30, yaani mita 5 kwa siku. Rangi ilikwenda zaidi ya mita 300 kwa siku. Worthington na wenzake waliandika kwamba maji yalikimbia mara 80 hivi kuliko kompyuta ilivyodhani. Na ieleweke kwamba kosa hili lilifanywa baada ya watu saba kuzikwa, wakati kila jicho lilikuwa limefunguka.

Je, kompyuta ilidanganya? Hasha. Kompyuta haijui kudanganya, kama vile mizani ya dukani isivyojua; hupima kile ilichowekewa. Kosa lilikuwa katika sura ya jiwe iliyotiwa ndani yake.

Wataalamu wakitaka kujua maji yanavyokwenda chini ya ardhi, hutengeneza kitu wakiitacho kielelezo. Huugawanya mwamba, kwa hesabu tu, katika vyumba vingi vidogo mfano wa masanduku yaliyopangwa ghalani, elfu au milioni. Kila sanduku hupewa tarakimu zake: urefu wa maji, nafasi za wazi zilizomo katika jiwe, na wepesi wa maji kupenya. Kisha kompyuta huuliza kila sanduku limepokea maji kiasi gani kutoka kwa jirani zake na limewapa kiasi gani, likafanya hesabu hiyo saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka. Kanuni inayotumika ni ya Mfaransa Henry Darcy, injinia wa mji wa Dijon, aliyeichapisha mwaka 1856 baada ya kupitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga. Ni kanuni njema sana, na mpaka leo hakuna mhandisi wa maji asiyeitumia. Lakini msomaji asisahau neno lile: mchanga. Katika mchanga maji hujipenyeza pande zote kwa usawa, polepole, kama watu wanaotoka uwanjani kwa milango mia. Kielelezo cha Walkerton kilichukua mwamba wa chokaa kana kwamba ni mchanga ulioshikamana.

Jiwe la chokaa si hivyo. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka mwalimu alivyodondosha siki juu ya kipande cha tumbawe, povu likatoka, nasi tukacheka tukidhani ni mazingaombwe. Mvua hufanya kazi ile ile kwa upole zaidi. Ikianguka hubeba hewa ya ukaa kidogo, na ikipita katika udongo wenye mizizi na majani yaliyooza hubeba nyingi zaidi, ikawa asidi hafifu. Maji matupu yasiyo na hewa hiyo hayawezi kuyeyusha zaidi ya miligramu kumi na kitu za chokaa katika kila lita. Maji yaliyopita udongoni yaweza kubeba miligramu mia mbili na kupita. Mama yeyote wa pwani anayekwangua gamba jeupe ndani ya birika ameliona jiwe hilo likirudi kuwa jiwe.

Hapo ndipo penye siri, na twaomba radhi kwa kukaa nayo kidogo. Katika mchanga maji hupita na mchanga hubaki ulivyo. Katika chokaa maji hupita na kula njia yao. Chukua ufa mwembamba kama unywele. Ufa ukipanuka mara mbili, maji yapitayo hayawi mara mbili, huwa mara nane. Maji yakizidi, asidi hufika ndani zaidi kabla ya kuisha nguvu. Ikifika ndani, ufa hupanuka tena, na maji huzidi tena. Ufa uliotangulia kidogo huwanyang'anya jirani zake wote maji yao, nao hubaki vyembamba milele, hali yeye amekuwa mfereji. Kwa hiyo mwamba ulioanza na nyufa elfu zilizolingana huishia na mfereji mmoja au miwili inayobeba karibu maji yote, na baina ya mifereji hiyo ni jiwe gumu ambalo kisima chaweza kuchimbwa ndani yake na mchimbaji asijue kitu.

Kwa muda mrefu wataalamu walitatizwa na jambo moja. Hesabu zilionyesha kwamba maji yenye asidi yangeshiba chokaa katika hatua chache za kwanza za ufa, basi mapango yangepatikanaje maili kadhaa ndani ya mlima? Jibu lilitoka maabara. Iligunduliwa kwamba maji yakikaribia kushiba hupunguza mno kasi ya kula jiwe, lakini hayaachi. Ni mfano wa mlaji wa karamu aliyekwisha tosheka: hatii tena mkono kwa pupa, lakini hatoki mkekani. Mwaka 1978 Plummer, Wigley na Parkhurst walitoa kanuni ya kasi hiyo ya kuyeyuka, ambayo bado hutumika. Tangu miaka ya 1990 watu kama Wolfgang Dreybrodt wa Chuo Kikuu cha Bremen waliziingiza kanuni za namna hiyo katika kompyuta pamoja na mwendo wa maji, wakauona ufa ukikua mbele ya macho yao. Kwa maelfu ya miaka hakuna kinachoonekana. Kisha, ghafula, maji makali hufika upande wa pili, na tangu siku hiyo mfereji hupanuka kwa kasi iwezayo kufika karibu milimita moja kwa mwaka.

Basi hicho ndicho kielelezo kinachostahili jina la kielelezo cha chokaa: kile kinachohesabu mwendo wa maji na mabadiliko ya madini kwa pamoja, kila kimoja kikimwamrisha mwenzake. Programu za kazi hiyo zipo. Ile iitwayo PHREEQC, iliyoandikwa na Parkhurst huyo huyo wa idara ya jiolojia ya Marekani pamoja na Mholanzi Tony Appelo, huhesabu jinsi maji na madini yanavyofanyiana kazi. Ile iitwayo MODFLOW, ya idara hiyo hiyo, huhesabu mwendo wa maji. Zote mbili hutolewa bure kwa yeyote. Kijana wa chuo cha Dar es Salaam, Nairobi au Unguja hahitaji kumpigia mtu magoti ili azipate. Twalisema hili kwa makusudi, kwa maana tumezoea kudhani kwamba elimu ya namna hii imefungiwa kabatini kwa wengine, tukangoja kuletewa ripoti iliyofungwa kwa utepe.

Ni kweli kwamba fedha nyingi za elimu hii hazikutolewa kwa ajili ya wanywaji maji. Zilitolewa kwa ajili ya mafuta. Kisima kikubwa kuliko vyote cha mafuta duniani, Ghawar nchini Saudi Arabia, kimo ndani ya mawe ya chokaa, na wenye mafuta walikuwa na sababu njema ya kujua asidi hufanya nini ndani yake. Mapema mwaka 1896 Herman Frasch alipata hataza nchini Marekani kwa ufundi wa kumimina asidi katika visima vya mafuta ili jiwe lifunguke. Asidi hiyo huchimba vijia vilivyojipinda kama vya funza ndani ya embe, na leo kompyuta hukadiria vijia hivyo vitakwenda wapi na kwa asidi kiasi gani. Hatuwalaumu; kila mtu hutengeneza jembe la shamba lake. Tunalouliza ni kwa nini jembe lililokwisha tengenezwa lisilime na shamba letu.

Maana kwetu pwani kuna jambo ambalo Walkerton halipo, nalo ni bahari. Mwaka 1964 Mswisi Alfred Bögli alionyesha jambo la ajabu: maji mawili yaliyoshiba chokaa, kila moja kwa namna yake, yakichanganyika yaweza kuwa na njaa tena. Mwaka 1989 Ward Sanford na Leonard Konikow wa idara ile ile ya jiolojia ya Marekani walitumia kompyuta kuhesabu yanayotokea maji matamu ya nchi kavu yanapokutana na maji ya chumvi ndani ya jiwe la pwani. Waliona kwamba mahali pa kukutana ndipo jiwe linapoweza kuliwa, na matundu kuongezeka, na kadiri matundu yanavyoongezeka ndivyo maji yanavyobadili njia. Pwani ya chokaa hujichimba yenyewe kutoka ndani.

Hilo halitamshangaza mtu wa Mangapwani, ambaye pango lake lina maji matamu chini, hatua chache kutoka baharini. Wala halitamshangaza mtu wa Shimoni, ambaye mji wake umepewa jina la pango. Wafanyakazi wa machimbo ya Bamburi na ya Wazo Hill wamelikata jiwe hilo kwa miaka mingi, na huenda wakawa na habari zake ambazo hakuna aliyewahi kuwauliza. Na mchimba visima yeyote wa pwani atakuambia kwamba kuna visima ambavyo maji yake hupanda bahari ikijaa na kushuka ikipwa, na siku za bamvua hubadili ladha. Mchimbaji huyo hajasoma kanuni ya Darcy. Lakini amejua jambo ambalo ramani ya Walkerton haikulijua, kwamba baina ya kisima na bahari kuna mlango.

Jiwe letu, kwa sehemu iliyo karibu na bahari, ni matumbawe ya kale, na mengi yake yaliota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari iliposimama juu kuliko ilivyo sasa. Ni changa kuliko jiwe la Kanada, na lina matundu mengi tangu kuzaliwa. Maji matamu yaliyomo hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi: kwa kila mita moja maji matamu yanapopanda juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Ni hesabu ya watu wawili wa karne ya 19, Ghyben na Herzberg, nayo yaweza kusomwa kwa furaha au kwa hofu. Maana yake nyingine ni kwamba ukivuta maji kwa pampu mpaka uso wake ukashuka nusu mita tu, baada ya muda chumvi chini yaweza kupanda mita 20. Hoteli yenye bustani na bwawa la kuogelea hailioni jambo hilo katika hesabu zake za mwisho wa mwezi. Mwanakijiji huliona katika chai.

Sasa tuje kwenye jambo linalotukera hasa. Katika nchi zetu kanuni inayotajwa sana ni kwamba choo cha shimo kiwe mita 30 kutoka kisimani. Bwana afya huipima kwa kamba, akaandika, akaenda zake, naye ametimiza wajibu wake. Kanuni hiyo katika udongo mzito au mchanga ina akili: uchafu hukawia, vijidudu hufa njiani. Lakini katika jiwe ambalo maji yaweza kukimbia mita 300 kwa siku, mita 30 ni mwendo wa saa mbili na nusu. Vijidudu vya kipindupindu huishi majini kwa siku kadhaa. Mfanyakazi anayepanga chumba Kisauni, ambaye uani mwake kisima na choo hutazamana, halindwi na kamba ya bwana afya. Wala mkulima wa Makunduchi anayelima katikati ya mawe halindwi. Hatusemi kila kisima cha pwani kina sumu. Twasema kwamba kukiita salama kwa sababu ya mita 30 ni kuifanya chokaa kuwa mchanga kwa amri.

Twajua wapo watakaojibu: basi kompyuta zitupwe, turudi kwa wazee na visima vyao. Hilo nalo ni kosa, tena la uvivu. Mzee wa kisima anajua kisima chake, lakini hawezi kukuambia yatakayotokea pampu kumi mpya zikifungwa kijiji cha jirani, au bahari ikipanda, au mvua za masika zikikosa miaka mitatu. Kompyuta yaweza kujaribu mambo hayo mia kwa usiku mmoja, na hakuna kisima kitakachoharibika kwa kujaribu. Katika mwamba wa chokaa faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu yaweza kutuambia mahali gani njia ya maji ina uwezekano wa kuwapo, hata kama haiwezi kutuonyesha njia yenyewe.

Upande wa pili wako vijana wetu, ambao huona picha yenye rangi nyekundu na buluu ikicheza kiooni wakaamini wameiona ardhi. Hao tungependa wasome maneno ya Konikow yule yule tuliyemtaja, aliyetumia maisha yake kutengeneza vielelezo vya maji. Mwaka 1992, pamoja na mwenzake John Bredehoeft, aliandika makala ambayo kichwa chake kilisema waziwazi kwamba vielelezo vya maji ya chini ya ardhi haviwezi kuthibitishwa kuwa ni kweli. Vyaweza kujaribiwa, na vyaweza kuonekana kuwa na makosa. Zaidi ya hapo hakuna cheti. Mtu aliyeijua kazi hiyo kutoka ndani ndiye aliyesema hayo. Sisi twaona kwamba maneno hayo yamempa heshima kubwa kuliko ramani zake zote.

Na jaribio lenyewe halihitaji utajiri. Mwaka 1877, kusini mwa Ujerumani, palikuwa na ugomvi juu ya maji ya mto Danube, ambao mahali fulani huzama katika mawe ya chokaa ukapotea. Wenye viwanda kandokando ya Danube walitaka mashimo yale yazibwe ili wapate maji ya kuendeshea mitambo. Wenye viwanda kando ya kijito cha Aach, kilicho upande mwingine wa vilima, waliogopa kwamba maji yao ndiyo yale yale. Mtaalamu Adolf Knop akamimina kilo 10 za rangi ya fluoresini pale mto unapozama. Baada ya saa 60 hivi, chemchemi ya Aach, kilomita 12 mbali, iling'aa kijani. Ugomvi wa njia ya maji ukaisha siku hiyo, ingawa ugomvi wa wenye maji haukuisha. Hapakuwa na kompyuta duniani. Palikuwa na rangi, saa, na watu waliokaa kando ya chemchemi mchana na usiku wakitazama.

Rangi hiyo, kwa kipimo kinachotumika, haimdhuru mnywaji, na gharama yake ukiilinganisha na gharama ya kuchimba kisima kimoja ni ndogo mno. Ingeweza kumiminwa katika choo kisichotumika, au katika shimo la maji ya mvua, na watoto wa shule wakapewa chupa wachote maji ya visima vya jirani kila saa, kisha chupa zikapelekwa kupimwa. Matokeo yakitiwa katika kielelezo, kielelezo kitaacha kuwa ndoto ya ofisini. Rangi isiyotiwa katika kompyuta itakupa habari ya kisima kimoja kwa siku moja. Kompyuta isiyotiwa rangi itakupa habari ya nchi isiyokuwapo.

Kuna jambo dogo tungeliongeza kabla ya kuweka kalamu. Katika miradi ya maji tumeona mara nyingi kwamba fedha za kununua kompyuta hupatikana upesi, fedha za pampu hupatikana baada ya kelele, na fedha za kumlipa mtu wa kwenda kupima kina na chumvi ya kisima kila wiki kwa miaka kumi hazipatikani kabisa. Kazi ya mtu huyo haina ufunguzi, haina utepe wa kukatwa wala picha ya gazetini. Anatembea na kamba yake na daftari lake, anarudi. Bila daftari lake kielelezo hakina cha kujilinganisha nacho. Tungependa mtu huyo aajiriwe kwanza, alipwe mshahara wa kueleweka, na daftari lake liwekwe mahali ambapo mwananchi anayekunywa maji yale aweza kulisoma.

Kwa hiyo, kwa wakuu wa maji wa pwani yote, bara na visiwani, na kwa wataalamu wao wanaotuletea ramani zenye duara la buluu kuzunguka kila kisima na maneno "eneo salama," tuna maswali matatu. Je, katika ramani hiyo jiwe limehesabiwa kama chokaa au kama mchanga? Rangi ilitiwa wapi, tarehe gani, na ilitokea kisima gani baada ya saa ngapi? Na daftari la vipimo liko kwa nani? Majibu yakitufikia, yawe mazuri au mabaya, tutayachapa katika ukurasa huu huu, pamoja na majina ya visima.